Geji ya Joto la Oili ya Kujitengenezea kwenye Subaru Impreza WRX: Mwongozo Kamili

Impreza WRX nyingi zinazotembea Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam zina mshale wa joto la maji na taa nyekundu ya presha ya oili, basi. Joto la oili halionyeshwi popote. Kwa gari la kwendea kazini hilo si neno. Kwa injini ya EJ20, ya familia ya EJ ya Subaru, yenye tabo inayopandishwa mlima kutoka Mai Mahiu, ni pengo kubwa. Oili ndiyo inayobeba beringi za krenki, ndiyo inayolainisha na kupoza shafti ya tabo, na ikizidi moto haipigi kelele. Taa nyekundu ikiwaka presha imeshashuka, na kwa EJ injini kunoki huwa hakuko mbali.

Geji za dukani zipo. Ya kujitengenezea ni nafuu, lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: unaijua tangu kihisi hadi skrini, na umeipima mwenyewe kabla ya kuiamini. Namba ambayo hujui imetoka wapi ni pambo la dashibodi. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote hapa chini inahusu kupima kihisi jikoni, wala si kukifunga kwenye gari.

Mfano wangu ni WRX za kizazi cha kwanza na cha pili zenye injini ya EJ yenye tabo, yaani zile zilizotoka kuanzia 1992 hadi 2007. Ndizo zilizojaa huku kwetu, na mapenzi hayo yana historia: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia kwa Impreza mwaka 2000. Ukiwa na gari jingine, mpango ni uleule. Kinachobadilika ni thredi ya filta na nafasi ya kupitisha mkono.

Mshale wa maji unaficha nini

Themostati ya EJ huanza kufunguka karibu na nyuzi 78 za Selsiasi. Baada ya hapo maji hucheza kati ya 80 na 95 hivi, na mshale wa dashibodi umetengenezwa makusudi utulie palepale ili dereva asihangaike. Asubuhi ya baridi pale Limuru mshale hufika katikati dakika kadhaa kabla oili haijafika 60. Dereva anaona gari limepata moto, anakanyaga, kumbe oili bado ni nzito na tabo inazunguka kwa kasi ikiwa imelainishwa nusunusu.

Kinyume chake hutokea mlimani. Rejeta na feni zinamudu maji, mshale uko katikati umetulia, huku oili imepita 120. Na oili ikipata moto hupoteza uzito. Kwa kipimo cha SAE J300, yaani kiwango kinachopanga madaraja ya oili kwa mnato, oili ya daraja la 30 ikiwa kwenye nyuzi 100 inapaswa kuwa na mnato wa kati ya 9.3 na 12.5, na ya daraja la 40 kati ya 12.5 na 16.3, kwa kizio cha sentistoki. Oili yako ya 5W-40 ikifika 125 mnato wake hukaribia kikomo cha chini cha daraja la 30. Yaani umelipia 40, lakini beringi zinapata kitu kingine.

Kihisi kikae wapi

Kuna sehemu tatu ambazo mafundi hupendekeza.

Ya kwanza ni boliti ya kumwagia oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye EJ boliti hiyo ni M20 yenye hatua ya 1.5 (milimita 1.5 kutoka jino hadi jino), ni nene, na fundi wa leithi anaweza kuitoboa na kukata thredi ya kihisi ndani yake. Usomaji wake ni mzuri. Shida ni barabara zetu. Kihisi kinaning'inia sehemu ya chini kabisa ya injini, na matuta yasiyopakwa rangi hayabishi hodi. Jiwe moja likivunja kihisi, oili yote inamwagika na hutajua hadi taa iwake. Mimi siipendi.

Ya pili ni tundu la swichi ya presha ya oili, juu ya injini chini ya altaneta. Unaweka kigawanyi chenye matundu mawili, swichi inarudi upande mmoja na kihisi kinakaa mwingine. Kwa presha ni sawa. Kwa joto haifai sana, kwa sababu oili haipiti pale bali imesimama tu, hivyo kihisi husoma joto la chuma na huchelewa. Na kuna mtego: Wajapani hutumia thredi ya BSPT ya 1/8, yenye meno 28 kwa inchi, wakati vifaa vingi vya dukani ni NPT ya 1/8, yenye meno 27. Vinaingiana mizunguko miwili mitatu ukadhani mambo yamekwenda sawa, kisha ama vinavuja ama unapasua injini ya aluminiamu. Usilazimishe.

Ya tatu, ndiyo ninayoishauri, ni pleti ya aluminiamu inayokaa kati ya injini na filta. Oili yote inayokwenda kwenye beringi hupitia pale, kwa hiyo unasoma joto la oili inayotembea. Filta ya EJ hutumia thredi ya M20 yenye hatua ya 1.5, kwa hiyo nunua pleti yenye boliti ya katikati ya kipimo hicho. Injini nyingi za EJ zenye tabo tayari zina kipozeo kidogo cha oili kinachotumia maji ya rejeta, kimekaa juu ya filta. Pleti inafungwa chini yake.

Kabla ya kulipa, pima mambo mawili. Raba ya duara ya pleti ikae yote kwenye uso wa kipozeo bila kuning'inia pembeni. Na pleti itashusha filta kwa unene wake, mara nyingi kama sentimita mbili na nusu au tatu, kwa hiyo chungulia uone kama filta haitagusa bati la kinga chini wala kukaribia mabomba ya egzosti. Ikibidi, tumia filta fupi.

Vitu vya kutafuta

- Kihisi cha joto cha Bosch cha aina ya NTC, chenye thredi ya M12 hatua ya 1.5 na waya mbili, pamoja na soketi yake
- Pleti ya filta ya M20 × 1.5
- Arduino Nano, kompyuta ndogo itakayoendesha programu
- Skrini ndogo ya OLED ya inchi 0.96 yenye chipu ya SSD1306
- Moduli ya LM2596 ya kushusha volti
- Rezista ya 330 ohm ya asilimia 1, kapasita ya 100 nF, dayodi ya 1N5819, dayodi ya kinga ya SMBJ24A
- Fyuzi ya ampea 2 na kishikio chake
- Waya za silikoni, soksi ya kuzuia joto, mpira wa kusinyaa, kebo tai
- Filta mpya na oili mpya, maana kazi hii hufanywa siku ya kubadilisha oili

Vya umeme utavipata Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue, au Kariakoo ukiwa Dar. Pleti huenda ukaiagiza.

Kwa nini kihisi cha Bosch? Kwa sababu jedwali la ukinzani wake linajulikana, na kina waya mbili. Vihisi vya waya mmoja hutumia mwili wa injini kama ethi. Feni ikiwaka au taa zikiwashwa, ethi ya injini husogea kidogo na namba yako inaruka. Ukizungushia tepu ya mabomba kwenye thredi, ethi yenyewe inaweza kukatika.

Pleti nyingi huja na matundu ya NPT ya 1/8, na kihisi hiki ni M12. Hilo ni jambo jema: NPT ya 1/8 ina kipenyo cha karibu milimita 10.3, na tundu la kukatia M12 × 1.5 ni milimita 10.5. Kwa hiyo fundi wa leithi anapanua tundu, anapitisha tapu (kifaa cha kukatia thredi) ya M12, kisha anasawazisha uso ili washa ya shaba ilale vizuri. Mwambie afanye hivyo pleti ikiwa mkononi, kamwe isiwe kwenye gari. Jaribu kihisi kabla hujatoka kwa fundi: ncha yake isiguse boliti ya katikati na isizibe njia ya oili. Kisha osha pleti kwa petroli na brashi hadi isibaki chembe hata moja ya aluminiamu, kwa sababu chembe hiyo ikibaki safari yake inaishia kwenye beringi.

Jedwali na rezista

NTC maana yake ni kwamba ukinzani hupungua joto linapopanda. Kwa kihisi hiki mambo yako hivi:

| Nyuzi | Ohm |
|---|---|
| 20 | 2500 |
| 60 | 596 |
| 80 | 323 |
| 90 | 243 |
| 100 | 187 |
| 110 | 144 |
| 120 | 113 |
| 130 | 89 |

Arduino haisomi ohm, inasoma volti. Kwa hiyo unatengeneza kigawanyi cha volti: volti 5, kisha rezista, kisha pini A0, kisha kihisi, kisha ethi. Nano hukata volti 5 katika ngazi 1024, kuanzia 0 hadi 1023.

Watu wengi huharibu hapa kwa kuweka rezista ya 10,000 ohm kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye mifano ya wanaoanza. Piga hesabu. Kwa rezista hiyo, nyuzi 100 ni ngazi ya 19 na nyuzi 130 ni ngazi ya 9. Nyuzi 30 zote, zile unazozihitaji kuliko zote, zimebanwa kwenye ngazi kumi. Namba kwenye skrini itaruka kwa nyuzi tatu tatu. Kwa rezista ya 330, nyuzi 100 ni ngazi ya 370 na nyuzi 130 ni ngazi ya 217. Sasa una ngazi tano kwa kila uzi mmoja wa joto. Kanuni ni kuchagua rezista inayokaribiana na ukinzani wa kihisi kwenye joto unalolijali.

Pima rezista yako kwa multimita na uandike thamani halisi. Ikisoma 328, tumia 328 kwenye programu.

Kupima kihisi jikoni

Usiruke hatua hii hata kama kihisi ni kipya na kimefungwa vizuri kwenye boksi. Vya bandia ni vingi, na kwa macho hutavitofautisha.

Anza na barafu. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji kidogo ili nafasi zote zijae, koroga, subiri dakika chache. Hiyo ni nyuzi 0. Kihisi kinapaswa kusoma karibu 5,900 ohm.

Pili, maji yanayochemka. Hapa mahali ulipo ndipo panapoamua. Mombasa na Dar maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,795, huchemka kwenye 94. Arusha ni karibu 95, Eldoret 93, Kampala 96. Kwa makadirio ya haraka, toa uzi mmoja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mtu wa Nairobi asiyejua hili ataona kihisi kinasema 94, atadhani kimekosea, ataongeza 6 kwenye programu, na kuanzia siku hiyo oili ya 120 itaonekana 126. Kwa Nairobi tarajia karibu 219 ohm maji yakitokota kwa nguvu.

Ning'iniza kihisi kwa uzi au waya katikati ya sufuria. Kisiguse chini wala pembeni, kwa sababu chuma cha sufuria kina moto kuliko maji. Chovya ncha tu. Soketi ya waya ibaki kavu.

Tatu, juu ya 100. Maji hayafiki huko, kwa hiyo tumia mafuta ya kupikia na kipimajoto unachokiamini, mfano multimita yenye waya wa kupimia joto wa aina ya K. Kipimajoto hicho nacho kijaribiwe kwanza kwenye barafu na maji ya kuchemka. Hakikisha sufuria na kihisi ni vikavu kabisa, maana tone la maji kwenye mafuta ya nyuzi 130 hulipuka. Fanya kazi nje, mbali na watoto, na sufuria iwe ya zamani. Ukitumia ile ya wali utajieleza mwenyewe kwa mwenye jiko.

Pasha mafuta hadi 135 hivi, zima moto, kisha chukua vipimo yanapopoa: 130, 120, 110, 100, 90, 80. Yanapopashwa, chini kuna moto na juu kuna ubaridi, vipimajoto viwili havitaelewana. Yanapopoa taratibu huku ukikoroga, vinakwenda pamoja. Andika ohm za kila hatua pembeni ya jedwali la hapo juu. Tofauti ya nyuzi mbili ni ya kukubalika. Ikifika tano, ama kihisi ni cha bandia ama kipimajoto chako ni kibovu. Usiendelee mpaka ujue ni kipi.

Kama umepata kihisi cha aina nyingine kisicho na jedwali, vipimo hivi ndivyo vitakuwa jedwali lako. Andika kila baada ya nyuzi 10 na uviweke kwenye programu badala ya vyangu.

Umeme wa gari si volti 12

Injini ikiwaka ni 13.8 hadi 14.4, unapopiga stata hushuka chini ya 10, na altaneta ikikatikiwa na betri ghafla hurusha volti nyingi kwa kitambo kidogo. Nano haivumilii hayo.

Chukua umeme kwenye fyuzi inayowaka ufunguo ukiwa kwenye hatua ya pili, kwa kishikio cha kuongezea fyuzi. Kutoka hapo: fyuzi ya ampea 2, dayodi ya 1N5819 kuzuia waya kugeuzwa, SMBJ24A kati ya chanya na ethi, kisha LM2596. Dayodi ya kinga hubana mruko chini ya volti 39, na LM2596 huvumilia hadi 40. Lakini tazama kapasita ya upande wa kuingilia kwenye moduli yenyewe: nyingine zimewekewa ya volti 35. Tafuta iliyoandikwa 50.

Washa moduli peke yake, zungusha skrubu yake ndogo hadi multimita isome 5.0, ndipo uiunganishe na pini ya 5V ya Nano. Usiingize volti 14 kwenye pini ya VIN. Kirekebishi kidogo cha Nano kitageuza volti 9 zote za ziada kuwa joto, na ndani ya dashibodi hakuna upepo.

Waya mbili za kihisi zisokotwe pamoja na zifike zote kwenye Nano. Waya wa ethi wa kihisi uishie kwenye pini ya GND ya Nano, usiufunge kwenye mwili wa gari njiani. Weka kapasita ya 100 nF kati ya A0 na GND, karibu na pini. Kigawanyi kipate volti 5 zilezile zinazotumiwa na Nano: zikishuka hadi 4.9, kigawanyi na kipimo vinashuka pamoja na namba haibadiliki. Skrini inaungwa SDA kwenye A4 na SCL kwenye A5.

Programu

Moyo wake ni huu:

```
const int PINI = A0;
const float REZISTA = 330.0; // weka thamani uliyopima
const int N = 14;              // nyuzi 0, 10, 20 ... 130
const float OHM[N] = {5896, 3792, 2500, 1707, 1175, 834, 596,
                      436, 323, 243, 187, 144, 113, 89};

float somaNgazi() {
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 64; i++) {
    jumla += analogRead(PINI);
    delay(2);
  }
  return jumla / 64.0;
}

float jotoLaOili() {
  float ngazi = somaNgazi();
  if (ngazi > 1005) return -99; // Waya umekatika
  if (ngazi < 60) return -98; // Waya zimegusana
  float r = REZISTA * ngazi / (1023.0 - ngazi);
  if (r >= OHM[0]) return 0;
  for (int i = 1; i < N; i++) {
    if (r >= OHM[i])
      return 10.0 * (i - 1)
           + 10.0 * (OHM[i-1] - r) / (OHM[i-1] - OHM[i]);
  }
  return 131; // zaidi ya 130
}
```

Wako wanaotumia hesabu ya Beta, fomula moja ya kukadiria joto kutoka kwenye ohm, badala ya jedwali. Ni fupi, lakini ukiijenga kwa vipimo vya 20 na 100, ikifika 130 inakosea kwa uzi mmoja na nusu hivi. Jedwali ni rahisi kusahihisha pia.

Hizo alama mbili za hitilafu, -99 na -98, usiziondoe. Bila alama ya kwanza, waya ukikatika geji itaonyesha 0 na dereva atadhani injini ni baridi, wakati ambapo hajui lolote.

Kwa skrini tumia maktaba ya U8g2. Onyesha namba kubwa moja, isiyo na desimali, inayobadilika mara mbili kwa sekunde. Watu huongeza grafu na nembo ya gari. Ukiwa kwenye kona za escarpment hutazitazama. Cha maana zaidi ni king'ora kidogo kwenye pini D8 kinacholia joto likifika 125, kwa sababu anayeendesha kwa nguvu macho yake yako barabarani. Alama za hitilafu nazo zionyeshe neno WAYA badala ya namba.

Siku ya kufunga

Gari liwe na uvuguvugu, lisiwe la moto. Nyanyua kwa jeki, weka stendi, tikisa gari kabla hujaingia chini. Jeki peke yake hairuhusiwi kukubeba wewe. Toa bati la chini, mwaga oili, fungua filta.

Sasa tazama juu, pale filta ilipotoka. Raba ya filta ya zamani hupenda kubaki imeganda kwenye chuma. Ukifunga pleti juu yake, raba mbili zitashikana vizuri kwa dakika chache, kisha presha ikipanda zinateleza na oili inamwagika kwa mkupuo. Pitisha kidole mzunguko mzima, futa kwa kitambaa.

Paka oili mpya kwenye raba ya pleti. Geuza pleti ili kihisi kielekee mbali na egzosti na mbali na ardhi, kisha kaza boliti ya katikati kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wake, ukitumia spana ya kipimo. Kihisi nacho kikaze na washa yake mpya ya shaba. Aluminiamu ni laini; ukisikia spana inalegea ghafla, thredi imekwenda.

Filta ya EJ inakaa mdomo juu, kwa hiyo ijaze oili nusu kabla ya kuifunga. Paka raba yake oili, ifunge kwa mkono hadi iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Jaza oili, piga stata, hakikisha taa ya presha inazimika, acha injini iungurume dakika mbili ukiwa chini na tochi, mikono mbali na egzosti. Zima, subiri, tazama kijiti. Pleti imekunywa oili kidogo, kwa hiyo ongeza.

Waya upite juu, mbali na egzosti na tabo, ndani ya soksi ya joto. Ingia kwenye kabini kupitia raba ambayo tayari inapitisha waya za kiwandani, na uache waya ukilegea kidogo karibu na injini, maana injini hutikisika na bodi haitikisiki kwa kipimo kilekile.

Nyumba ya skrini ukiichapisha kwa plastiki ya PLA, itaanza kulainika karibu na nyuzi 60, na dashibodi ya gari lililofungwa juani Mombasa hupita hapo. Tumia ABS. Kipenyo cha milimita 52 ndicho cha geji za kawaida, hivyo vishikio vya dukani vitakukubali. Usiiweke juu ya mkoba wa hewa (airbag).

Namba zikianza kuonekana

Asubuhi kabla ya kuwasha, geji isome sawa na hali ya hewa. Kama nje ni 18 na geji inasema 25, rudi kwenye waya.

Chini ya 60, endesha kipole. Usipite mizunguko 3,000 na usiiamshe tabo. Kati ya 60 na 80, gari linakuruhusu mambo ya kawaida. Kwenye 90 hadi 110 oili iko nyumbani kwake. Mlimani au kwenye mbio 110 hadi 120 si ajabu. Ikipita 120, punguza. Kwenye 130 toa mguu, ingiza gia ya juu, tembea polepole hadi ishuke. Usizime injini papo hapo: pampu ikisimama, oili iliyomo ndani ya tabo inabaki inaiva.

Jambo ambalo watu hawalitarajii ni ubaridi. Anayeendesha safari fupi za mjini ataona oili haifiki 90 hata siku moja. Maji na petroli vinavyopenya kwenye oili havipati moto wa kutosha kuondoka, na chini ya kifuniko utakuta ute wa rangi ya maziwa. Ute huo huo huweza pia kuwa dalili ya gasketi ya kichwa, ugonjwa unaojulikana wa EJ, kwa hiyo tazama kama maji ya rejeta yanapungua. Kama hayapungui, lipe gari safari ndefu mara kwa mara.

Namba ikiruka feni inapowaka, ethi ya kihisi imeguswa na mwili wa gari mahali fulani. Ikiganda kwenye WAYA unapopita kwenye mashimo, soketi imelegea. Skrini ikizimika unapopiga stata na kuwaka tena, hiyo ni kawaida. Magari mengi hukata umeme wa vifaa wakati wa stata.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, rudi chini na tochi utazame pleti, washa na filta. Ukipeleka gari kwa fundi mwingine kubadilisha oili, mwambie mapema kwamba kuna pleti: anapofungua filta kwa nguvu, boliti ya katikati ya pleti inaweza kulegea pamoja nayo, na lazima akague kama bado imekaza kabla ya kufunga filta mpya.